Kumngoja Bamvua

Juzi niliona watoto wakiparamia mwamba chini ya Mji wa Kale, nikasikia tena harufu ile ya mwani.

Mchana ule mama alituonya, "Msishuke mwambani, leo bamvua." Sasa najua bamvua ni maji kujaa kupita kiasi, mwezi ukiwa mpevu. Wakati ule nilidhani ni jina la mzee mkali.

Marehemu kaka yangu Athumani hakujali. "Kaa hapa juu, Mishi. Ukiona bamvua, niite." Akateremka mwambani kama mjusi.

Nikakaa nimeipa bahari mgongo, macho kichochoroni, nikimngoja huyo mzee atokee. Mawimbi yalinguruma. Kaka akaniita mara mbili. Nikamjibu bila kugeuka, "Bado hajaja, kaka."

Hakuniita tena.