Makovu ya Bai Indumati

Moreshwar Panchal, mchonga sanamu wa mji wa Kolhapur, India, aliishika kanuni moja miaka thelathini: marehemu haongezewi uzuri ambao hakuwa nao. Aliwafinyanga kwa udongo, kisha akawamimina kwa shaba, wabunge wenye videvu viwili na wanamieleka wenye masikio yaliyopondeka. Jamaa zao wakilalamika, aliwaambia waende kwa mpiga picha za harusi.

Ikaja kazi ya sanamu ya marehemu Bai Indumati, mwalimu aliyeanzisha shule ya wasichana. Bai alikuwa na makovu ya ndui na hakukubali kupigwa picha hata siku moja. Lakini ndiye aliyemfundisha Moreshwar kusoma, barazani kwake, na vidole vya mchongaji vilikumbuka kila kovu. Udongo ulipokamilika, mkewe Shalan, naye mwanafunzi wa Bai, alijifunika kichwa kwa ncha ya sari kana kwamba ameitwa ubaoni.

Kamati iliyoagiza sanamu ikaja kukagua, kama ilivyo desturi. Mwenyekiti wake, Appasaheb Nimbalkar, hakuwahi kumwona Bai, ila alikuwa na hakika kwamba makovu yale yangewatisha watoto. Mjumbe mwingine akaomba pua ipunguzwe, ifanane na ya watu wa ukoo bora. Moreshwar akakataa. Appasaheb akanywa chai taratibu, akataja kwamba siku ya uzinduzi waziri angemvika msanii shali na kumkabidhi nazi ya heshima mbele ya mji mzima.

"Appasaheb, Bai alikuwa na makovu."

"Alikuwa nayo, fundi. Si amekufa? Basi amepona."

Wapo wanaonunuliwa kwa dhahabu. Huyu alitosheka na nazi. Alichovya kidole gumba majini, akalilainisha shavu la kushoto. La kulia halikumsumbua sana.

Siku ya uzinduzi, pazia lilipoanguka, wanafunzi wa zamani, sasa bibi vizee, walisafisha miwani wakaulizana huyu ni nani. Shalan akamsogelea mumewe.

"Huyu ni mama yake Appasaheb akienda harusini. Bai umemweka wapi, baba Sunanda?"

Udongo wa Bai ulikuwa umekwisha kurudishwa pipani, na kwa udongo huo amefinyangwa diwani mmoja. Moreshwar alijaribu tena mara nne kumfinyanga Bai. Kila mara vidole vilileta mashavu laini.

Kuivunja kanuni kulimgharimu uso wa Bai Indumati, na hapakuwa na mwingine popote.