Ganda Lililomchekesha Fundi

Leo, jikoni kwangu Mahajanga, nikitoa kunde kavu kwenye maganda, harufu yake imenirudisha kisiwani Nosy Be, chuoni kwa fundi wetu, mwalimu wa Kurani ambaye hatukuwahi kumwona akicheka.

Siku ile nilikuwa nimechuma maganda ya kunde mwitu, mmea wa maua ya rangi ya zambarau unaokauka kila kiangazi kwenye pori la miti michache na kuchipua tena kutoka mizizi ileile. Niliyaficha dirishani, palipopiga jua. Katikati ya kisomo, pa! Ganda likapasuka na mbegu ikamgonga fundi shavuni.

"Nani kaleta hii?" akauliza kwa Kikomoro, lugha ya kwao.

Nikasimama. "Mimi, fundi. Ganda hujipasua lenyewe likipata joto, ili mbegu ziende mbali."

Akaweka ganda jingine kiganjani, akalielekeza juani, akasubiri. Pa! Fundi akaruka, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Kesho yake alitupeleka wote porini kusikiliza. Jua lilipotuchoma tukaomba turudi.

"Moja tu, halafu twende," akasema, amechuchumaa katikati ya mimea.

Alisema hivyo mara nne.