Raundi Ambayo Haikufika

Raundi ya pili ya pambano la mwisho la Nafula Wabwire ilipotea, na aliyeipoteza akasimama mbele ya umma kumlaumu yeye. Wakubwa wa chama cha ndondi hawasemi kwamba ilipotea. Husema alama zake "hazikufika", kana kwamba alama ni mgeni aliyekwama kwenye foleni ya magari ya Barabara ya Outer Ring. Nilikuwa ukumbini. Raundi ile niliiona kwa macho yangu, nikasikia mfupa wa pua ukivunjika, na sitakubali kuambiwa kwamba haikuwapo.

Nafula alizaliwa mtaa wa Lucky Summer, binti wa mpakiaji mizigo wa kiwanda kimoja cha Baba Dogo. Baba yake alikuwa mpole barazani na kanisani. Mlango ukishafungwa, alikuwa mtu wa mikono. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, Nafula alijiingiza kati ya konde na uso wa mama yake, na taya lake likakaa juma zima bila kutafuna. Taya lilipopona alikwenda kwa miguu hadi ukumbi wa Kariobangi walikofanyia mazoezi mabondia. Watu hudhani alikwenda kujifunza kupiga. Aliniambia mwenyewe kwamba alitaka kujua namna ya kuuona mkono kabla haujafika.

Mkufunzi Obonyo, bondia wa zamani mwenye sikio lililovimba na kuganda, hakumuuliza sababu. Alimfunga mikono kwa bendeji, akamsimamisha mbele ya wasichana wawili waliomzidi kimo, akawaagiza wasimhurumie. Hawakumhurumia. Siku iliyofuata Nafula alirudi, jicho moja limefumba, akauliza kama wale wawili wamekuja.

Ndondi haikumlisha. Alipomaliza shule aliingia kwa Kiarie, fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya wafua sufuria wa jua kali, akajifunza kazi mpaka akamzidi. Alijulikana kwa jambo moja: kufufua laptopu zilizotelekezwa na waliozitengeneza. Jambo hili linahitaji kuelezwa, maana ni dhuluma iliyozoeleka hata haionekani tena. Kampuni huiuza laptopu kwa bei ya kiwanja. Baada ya miaka kadhaa hutangaza kwamba mfumo endeshi mpya, yaani ile programu kuu inayoendesha nyingine zote, hautaingia katika mashine hiyo. Mashine ni nzima, ina nguvu ya kutosha, ila imepigwa marufuku. Kisha programu za kazi nazo hukataa kufunguka juu ya mfumo wa zamani, na mwenye mashine huambiwa anunue nyingine.

Nafula alikataa marufuku hayo. Kwenye flashi alitia programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo endeshi na kuujibu kwa niaba ya mashine unapouliza, "Wewe ni wa mwaka gani?" Mfumo ukiridhika, huingia. Lakini ukishaingia haukubali kuvitambua vipuri vya zamani, hasa kadi ya waifai, kwa hiyo Nafula alivirudisha kimoja kimoja. Alimwonya kila mteja vivyo hivyo: mashine itakuomba ruhusa ya kujisasisha, kataa. Ukiikubalia itayafuta marekebisho yote, na waifai itakufa hapo hapo.

Mnamo Oktoba 2024, Chege, katibu wa chama cha ndondi cha mtaa, alimletea laptopu ya chama. Majaji watano huketi kuuzunguka ulingo, kila mmoja na tableti yake. Raundi ikiisha, jaji hubonyeza alama zake, nazo husafiri kwa waifai hadi kwenye laptopu iliyo mezani pa katibu. Programu mpya ya alama ilikuwa imeikataa laptopu ile kwa uzee wake. Nafula aliuingiza mfumo mpya, programu ikafunguka, na hakutoza chochote. Waliokuja kusema baadaye kwamba bondia hakupaswa kuigusa mashine ya alama wana hoja nzuri. Ni ajabu tu kwamba hoja hiyo hawakuwa nayo wakati kazi ilipokuwa ya bure. Juu ya kifuniko alibandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu nene: IKIOMBA KUJISASISHA, KATAA. Chege alicheka, akasema kwamba amri hiyo ataitii kuliko anavyomtii mkewe.

Msomaji asidhani kwamba bondia wa mitaa yetu ya Eastlands hupigania kikombe. Hupigania ajira. Timu za vikosi vya serikali hutuma wakufunzi wao kumbini kuchagua mabondia, na anayechaguliwa hupata sare, mshahara, matibabu, na kitanda kisicho chini ya paa linalovuja. Mwezi Novemba mkufunzi wa kikosi kimoja alitangaza waziwazi kwamba katika uzani wa Nafula atamchukua mmoja tu, mshindi wa fainali. Kikosi hicho hakichukui mtu aliyetimiza miaka ishirini na minane. Nafula alikuwa na ishirini na saba.

Asubuhi ya fainali laptopu iliomba kujisasisha. Chege aliikubalia. Alieleza baadaye kwamba hakutaka mgeni wa heshima akione kile kidirisha kikichomoza mara kwa mara kwenye skrini kubwa ya ukumbini.

Chege alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, Nafula alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, mikono imefungwa bendeji, na juu ya bendeji mkaguzi ameshaweka sahihi yake. Kanuni ni kwamba bendeji iliyotiwa sahihi haikatwi. Ikikatwa, bondia hufungwa upya na kukaguliwa upya, na akiitwa ulingoni kabla hajawa tayari, mpinzani hupewa ushindi. Pambano lake lilikuwa linalofuata.

"Fundi, mashine yako imegoma," Chege alisema. "Waifai hakuna."

Nafula alimuuliza kama ameikubalia. Chege akautazama ukuta.

"Haya basi, njoo uitengeneze mara moja. Mgeni ameshaketi."

"Hakatwi mtu bendeji hapa," Obonyo akasema. "Katibu, toka."

Nafula hakumfukuza. Alimwambia atumie simu yake mwenyewe kuwa waifai: tableti zote ziunganishwe na simu, na simu iunganishwe na laptopu kwa waya. Alimtamkia hatua moja baada ya nyingine, akionyesha kwa ngumi zilizofungwa pa kubonyeza, mpaka alama ya majaribio ikafika.

"Simu isiguswe mpaka pambano liishe," alimwambia. "Hata akipiga nani. Umenisikia, Katibu?"

"Nimesikia, mama. Hata akipiga Rais."

Mpinzani wake alikuwa Jacky Wakiuru wa mtaa wa Donholm, msichana wa miaka ishirini na mmoja mwenye mikono mirefu. Katika raundi ya kwanza mikono hiyo ilifanya kazi yake. Ngumi yake ya mbele ilimgonga Nafula mfululizo hadi mdomo ukapasuka, na kila alipojaribu kuingia karibu alikutana na konde la kulia lililomrudisha kwenye kamba. Mashabiki wa Donholm waliimba kwamba nyanya arudishwe nyumbani. Nafula alirudi kwenye kona, akatema damu ndooni, na Obonyo akambana kope kwa kidole gumba na kumwambia aache kuutazama uso, atazame bega.

Raundi ya pili ilipoanza alilitazama bega. Wakiuru alirusha mkono wa mbele. Nafula aliinama chini yake na kumtia konde la kushoto chini ya mbavu, pale penye ini. Kwa muda mfupi Wakiuru hakufanya lolote. Kisha magoti yalimwishia, akaanguka akiwa ameshika ubavu, mdomo wazi, bila sauti. Refa alihesabu. Upande wa Lucky Summer walikuwa juu ya viti.

"Fundi! Mzime, umuwashe!"

Wakiuru aliinuka kwenye saba. Nafula alimfuata, akampiga mwilini, mwilini tena, mpaka viwiko vikashuka, halafu akapeleka mkono wa kulia moja kwa moja katikati ya uso. Sauti ile haikufanana na ngumi. Ilikuwa kama mtu amekanyaga kikombe cha plastiki. Damu ilimrukia refa kifuani na kuwafikia walioketi mbele. Wakiuru alianguka mara ya pili, akahesabiwa mara ya pili, akainuka tena akipumulia mdomo, na kengele ikamwokoa.

Katikati ya makelele hayo nilimwona Chege akiinama mezani, akachomoa waya, akatoka na simu sikioni. Dereva wa mgeni wa heshima alikuwa amezibiwa njia na gari jingine hapo nje, akampigia Katibu amtafutie mwenye gari hilo. Ukumbini Chege asingesikia kitu. Kengele ilipolia majaji walibonyeza alama zao, na tableti, zilizotengenezwa zisiweke kumbukumbu, zikajifuta tayari kwa raundi ya tatu. Chege alirudi, akarudisha waya mahali pake, akaketi.

Raundi ya tatu walipigana kama watu waliosahau kwamba kuna watazamaji. Wakiuru, pua imelala upande mmoja, hakurudi nyuma hata hatua. Ujasiri wake siwezi kuunyima haki yake. Nafula alikuwa amechoka, mkono wa kulia umevimba ndani ya glavu, na mara mbili aliachia ubavu wazi akapigwa hapo. Raundi ile Wakiuru aliipata.

Refa aliinua mkono wa Wakiuru. Wakiuru mwenyewe aliutazama mkono wake ukipanda kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Obonyo aliruka kamba, akafika mezani, akadai kuonyeshwa alama za raundi ya pili. Chege aliifungua laptopu, akaitazama, akaifunga. Hapo ndipo angeweza kusema kweli na kuwauliza majaji watano, wote wakiwa bado vitini, walichobonyeza. Badala yake alichukua maikrofoni.

"Raundi ya pili haikufika kwenye mashine. Na mjue mashine hii imetengenezwa na Nafula mwenyewe. Kama kuna aliyeichezea, muulizeni yeye."

"Haka amejihaki!" mtu wa Donholm akapaza sauti, yaani mdukuzi wa kompyuta amejidukua mwenyewe, na nusu ya ukumbi ikaangua kicheko.

Nafula alishuka ulingoni. Glavu zilikuwa zimeshavuliwa. Mikono ilibaki na bendeji zake. Alimuuliza Chege kwa sauti ya kawaida simu ilikuwa wapi katika raundi ya pili.

"Simu gani?" Chege akasema. Kisha akamwekea mkono begani, akamwinamia kama mzazi. "Nenda ukaoshe uso. Wewe ni mwanamke, usijiaibishe mbele ya wageni."

Nafula alimpiga mara moja. Meno mawili yalitoka. Chege alianguka juu ya meza, meza ikapinduka, na laptopu ya chama ikaangukia saruji na kupasuka skrini. Baada ya hapo viti viliruka. Mzee mmoja wa Donholm alipasuliwa kichwa na chupa. Kijana wa Lucky Summer alikanyagwa mlangoni mpaka mkono ukateguka. Walinzi wa ukumbi, ambao hawakuwa wamemgusa mtu yeyote mwingine, walimwendea Nafula kwa rungu, wakampiga mgongoni na mapajani, naye akijikunja kando ya ulingo aliokuwa ameshinda juu yake, hadi Obonyo alipomlalia na kuzipokea zilizobaki.

Rufaa ilisikilizwa Desemba. Majaji wote watano walisema kwamba raundi ya pili walimpa Nafula kwa tofauti kubwa, na kwamba pamoja na hiyo ushindi ulikuwa wake. Jaji mmoja, Mutisya, alieleza jinsi alivyomwona Katibu akitoka na simu. Chege, mwenye pengo jipya, hakukana. Kamati iliyaamini yote, ikayaandika, halafu ikasoma kanuni isemayo kwamba bondia anayempiga afisa wa chama hupoteza dai lolote alilo nalo na hufungiwa miaka miwili. Rufaa ikatupwa. Chege alipewa onyo la mdomo.

Nimeulizwa na watu wa heshima zao kama naitetea ngumi ile. Siitetei. Nauliza tu: chama kilichomfundisha binti tangu miaka kumi na mitatu kwamba jibu la kuonewa liko mkononi mwake, kilitarajia ajibu kwa kitu gani siku kilipomwonea chenyewe? Kamati ilikubali kwamba ameibiwa, kisha ikamwadhibu kwa kukasirika. Miaka miwili ikiisha atakuwa na ishirini na tisa, na hakuna kikosi kitakachomtazama.

Wakiuru aliajiriwa Januari. Kabla ya kuripoti kambini alifika kibandani kwa Kiarie, pua imeponea upande, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Ile ya pua," alimuuliza Nafula. "Ulinipigia raundi gani?"

"Ya pili."

"Nilijua. Wameniambia niseme sikumbuki."

Aliaga akaenda zake. Nafula aliinama tena juu ya laptopu ya mwalimu mmoja, ambayo kampuni yake ilikuwa imeitelekeza mwaka uliotangulia, akaendelea kusubiri mfumo uingie.

Tarehe 15 Machi 2025 chama kilipitisha kanuni mpya: kila jaji huandika alama za raundi kwa kalamu kwenye karatasi na kumkabidhi refa kabla ya kugusa tableti, na simu ya katibu hukabidhiwa mlangoni. Kanuni hiyo haihusu mapambano yaliyopita.