Siku Micro Yangu Ilisemea Batu Bote

Ukinikuta Butembo na unataka kuniona nainamisha kichwa, nitajie tu jina ya Katembo, usiongeze neno ingine. Aibu yangu siifichi tena, maana batu bote ba fréquence yetu balinisikia, kutoka Kirumba mpaka Beni, na neno lenye kusikiwa na batu bengi hivi utalificha wapi? Afazali nilieleze mwenyewe.

Naitwa Paluku, mimi ni transporteur. Sisi benye magari tuko na kikundi chetu, na kila mumoja iko na fonie ndani ya gari yake, ile redio ya kusemea yenye antena ndefu, sababu kwa njia zetu telefone inakufa kila ukishuka bonde, na mutu anaweza kuharibikiwa pale asipate hata wa kumuambia. Sisi bote tunasemea kwa fréquence moja, ile njia ya hewani, mumoja akisema bengine banangoja. Kituo kikubwa iko Beni, commune ya Beu, kwa nyumba ya Hadji, muzee mumoja muislamu, président wetu, mutu wa maneno kidogo.

Nilikuwa nimepata jeep mupya (mupya ya kwetu, donc ilikuwa imeshachokesha mutu mwingine), nikaishonea bitambaa bya viti, nikaiosha kila asubui kama mutoto. Nikaita Mama Kavira anifungie fonie. Huyo mama ni mujane. Bwana yake njo alikuwa fundi wa mafonie, na alipokufa mama akabeba kazi, na leo Butembo nzima hakuna mwenye kumushinda. Alisimamisha antena nyuma, mbali na fasi batu banashika, akapitisha waya moja kwa moja mpaka kwa batri, akaweka fizibo, kile kidude chenye kukata umeme, pale pale karibu na batri ("waya ikichubuka bila fizibo, unaungua na gari yako," alisema), kisha akatosha mashini ya kutoboa, atoboe tundu mbili kwa tableau de bord, pale mbele ya usukani, na afunge kile kichuma cha kutundikia micro.

Nikamushika mukono. "Mama, hapana. Utaniharibia gari."

"Ni tundu mbili tu, Paluku. Micro iko na bouton. Ukiiacha inatembea tembea, siku moja kitu itaikalia, na utakuwa unasema bila kujua."

"Nitaiweka kando ya kiti. Nitaichunga."

Aliniangalia sana. "Gari ni yako," akasema, "mais fréquence ni ya batu bote." Akafunga sanduku yake akaenda.

Sasa, siku moja ya Mungu, kisha misa ya kwanza, nikapanda na bibi yangu wa ndoa, Kavugho, tunaenda Beni kwa mukutano wa kikundi. Telefone zetu zote mbili zilikuwa ndani ya sakoshi yake, tulizizima sababu ya misa na tukasahau kuziwasha. Micro niliitupa pale kati ya kiti na frein à main, ile breki ya mukono, vile nilizoea. Kavugho akaweka sakoshi pale juu yake. Njo hivyo tu, akaweka sakoshi, na bouton ikabanwa, na mulango wa kinywa changu ukafunguka mbele ya kila gari na kila nyumba yenye fonie, na mimi nikawasha moteur nikaanza kusema.

Fonie ikiwa inatuma, haipokee. Donc kwangu kulikuwa kimya kabisa, na nilifurahia ile kimya (nilimuambia hata Kavugho: "Leo Mungu amebafunga midomo"). Nikaanza na Hadji. Nikasema muzee amechoka, anasinzia kwa mukutano, kikundi inahitaji mutu mwenye macho.

"Mutu kama nani?" Kavugho akauliza.

"Kama mimi."

Akacheka kidogo, kisha akasema, "Huyo muzee njo alitulaza kwake wiki mbili tulipokimbia vita. Umesahau?"

Nikaruka kwa bengine, mumoja mumoja, na nilipofika kwa Katembo nikaongeza chumvi. Katembo alikuwa rafiki yangu, tulibatizwa siku moja. Nikaigiza sauti yake, ile nyembamba: "Nisaidieni, nisaidieni!" Nikasema huyo akiona ng'ombe mbili kwa njia anakamata fonie. Nikasema, na hii neno nitazeeka nayo: "Siku moja atalia kweli, na hakuna mutu atamujibu."

Kavugho akanusa. "Kuna kitu inaungua."

"Ni bitambaa bipya na jua," nikamuambia. Ilikuwa fonie yenyewe, imepata moto sababu inatuma bila kupumzika.

Tukafika Beu. Mulango wa parcelle ya Hadji ulikuwa wazi na batu ba kikundi balisimama ndani ya kiwanja, wanaume kumi na kitu, hakuna hata mumoja mwenye kukuja kutusalimia. Nikazima moteur, nikamuambia bibi yangu, "Bon, tuingie, tukamuamushe muzee wetu."

Na nikasikia sauti yangu, kubwa, inatoka kwa dirisha ya Hadji: *tukamuamushe muzee wetu*. Kisha aoparleri, ile spika ya fonie yake, ikapiga kilio kirefu chenye kutoboa masikio. Nikageuka kuangalia nyuma kama vile kuna Paluku mwingine. Kavugho njo alielewa wa kwanza. Alishika kinywa yake na mikono mbili.

Hadji akatoka nyumbani polepole. Hakunisalimia. Akafungua mulango wa gari, akainama, akasogeza sakoshi, akavuta micro kwa waya yake kama mutu anavuta samaki. Bouton ikaachilia.

Nilifikiri aibu yangu imefika mwisho wake pale. Ilikuwa haiyaanza. Sababu fonie yangu ilipopata kupokea, sauti moja ikatoka, nyembamba, ya mutu mwenye kuchoka:

"...kuna mutu ananisikia? Ni Katembo. Nisaidieni."

Batu bote ndani ya kiwanja baliganda. Hadji akakaa kwa kiti changu, akaleta micro kwa kinywa.

"Katembo, Hadji anakusikia. Uko wapi?"

Gari yake ilikosa frein kwa mutelemuko mbele ya Kirumba, ikalala ndani ya bonde na mifuko yake ya maharagi, mahali kusiko na réseau ya telefone, mahali mutu wa njia hawezi kukuona. Muguu yake ilibanwa na chuma. Fréquence ya pili tuliipanga zamani kwa siku kama hiyo, mais mukono wake haukufika kwa kitufe cha kubadilisha, micro tu njo ilimuangukia kifuani. Aliita, akaita, na kila akiachilia bouton asikilize, alinisikia mimi, na sauti yangu ilifunika ya kwake kwa batu bote. Hadji alimusemesha bila kuchoka, akaita benzetu ba Kirumba, bakaenda na mapikipiki na vyuma vya kuinulia, bakamutosha. Mimi nilisimama pale kando ya gari yangu nzuri. Hakuna aliyenitukana. Ningependa banitukane.

Muganga wa hospitali alimukata muguu chini ya goti. Alisema damu ilikaa bila kutembea wakati murefu. Sikuuliza ni murefu namna gani, najua mwenyewe njia ya Butembo mpaka Beni.

Nilienda hospitali siku ya tatu, na Kavugho, sikuwa na nguvu ya kwenda peke yangu. Bibi ya Katembo alituona akatoka nje. Nikapiga magoti kwa simiti, nikamuomba musamaha.

"Nilikusikia," Katembo akasema. "Yote."

"Najua."

"Nilitaka kulala. Macho yalikuwa yanafunga. Mais nilikukasirikia sana, Paluku, nikasema sitakufa wakati huyu anaigiza sauti yangu. Ile kasirani njo iliniweka macho." Akageuza uso kwa ukuta. "Usifikiri nakushukuru."

Nilisimama mbele ya kikundi, nikasema makosa yangu yote, lile la kumukatalia Mama Kavira tundu mbili na lile la kinywa. Hadji alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tumesikia mara mbili sasa," akafunga mukutano.

Katembo hawezi tena kuendesha. Kikundi ilimuwekea fonie nyumbani Butembo, Mama Kavira akaifunga, na sasa yeye njo anatuita kila asubui mbele tuanze njia, jina kwa jina. Akifika kwangu ananyamaza kidogo. Wengine hapana, kwangu tu. Mimi nangoja, nachunga vidole vyangu viwe mbali na bouton, mpaka aseme: "Paluku?"

"Niko, Katembo," najibu, na naachilia bouton mbio.