Juu ya Paa la Mamba

Nakumbuka, mwanangu, mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, shule nimeishia darasa la tatu, nikahamia Mpanda kupakia magunia kwenye malori. Usinionee huruma, sikuombaomba mtu.

Kiangazi hicho Masanja na Shija, niliokua nao tukichunga kule Shinyanga, walikuja kunitembelea. Walitaka kuona viboko. Bosi wangu akatupa pikapu, na pale Sitalike, kijiji cha karibu na mbuga, tukampakia mzee mmoja Mpimbwe, mwenyeji wa huko, atuongoze mbugani.

Njia nzima walikuwa wanamuuliza yeye. Nyati analala saa ngapi? Twiga anainamaje kunywa? Mzee alijibu yote, halafu akawacheka: "Nyie Wasukuma, hata twiga mnampigia hesabu ya maziwa."

Mto Katuma ulikuwa umebaki kidimbwi. Viboko wamebanana kwenye tope, mgongo kwa mgongo. Tukashuka. Ukingo wote ulikuwa umevurugwa na nyayo, isipokuwa sehemu moja, safi kama uwanja uliofagiliwa. Mchungaji akiona ardhi haijachimbika anajua ni ngumu. Masanja akaenda kusimama hapo.

"Rudi," mzee akasema, wala hakupaza sauti. "Pita ulipopita."

"Mzee, hapa ni pagumu."

"Mbona viboko wote hao hawapakanyagi?"

Masanja akarudi, anacheka. Mzee akatuzungusha mpaka kwenye kona ya mto, tukauona ukingo ule kwa ubavu. Chini ya pale aliposimama kulikuwa na pango, na ndani mamba watatu wamelala, midomo wazi.

"Ulikuwa juu ya paa la wenyewe," mzee akasema. "Likikatika, unaingia bila hodi."

Masanja akakaa chini, kicheko kimekwisha.

Miaka ikapita, nikaonyeshwa shamba Mwamkulu, tambarare, bei rahisi. Nikamuuliza jirani, mbona hapa halimi mtu? Kumbe masika panageuka bwawa. Nikanunua la juu yake.

Leo nina shamba hilo, nyumba Shanwe, mashine ya kukoboa mpunga na ng'ombe wa kunitosha. Masanja ana wajukuu, na bado anakuja kila kiangazi.

Basi mwanangu, ukifika ugenini ukaona nafasi nzuri imeachwa wazi, usifurahi kwanza. Waulize wenyeji kwa nini hawapiti hapo, hata wakikucheka. Mungu akupe mdomo wa kuuliza, na akurudishe nyumbani na miguu yako yote miwili.