Kibanda cha Kuimbia

"Godoro la wageni kalichana, mapazia kayang'oa! Shemeji, kesho utanikuta mimi nimepigiliwa misumari ukutani!" Mke wa jirani yangu seremala ananishtakia, na mshtakiwa yupo hapohapo, penseli nyuma ya sikio, anasindilia sponji kwenye ufa kwa kidole gumba. Anajenga kibanda kisichotoa sauti nje, humohumo chumbani kwao, maana mkewe aliacha kuimba tangu wapangaji wa juu waanze kumgongea sakafu. Kila ubao anaugonga mara tatu, anautegea sikio, anafumba macho kama daktari anayepima kifua. Mlango ulipokaa sawa, akamwashiria mkewe aingie. Shemeji akaingia akinung'unika. Kupitia kioo kidogo cha mlangoni nikauona mdomo ukifunguka, mishipa ya shingo ikisimama, lakini sikusikia kitu. Seremala akatega sikio ubaoni, akafumba macho. Mke akatoka jasho linamtiririka, anacheka.

"Mmenisikia?"

"Wala," nikasema.

"Na wewe baba? Au nimeiimbia sponji?"

Jamaa akaokota nyundo, akatoka zake uani akipiga mluzi.

"Haa! Si ndio wimbo wangu huo!" Shemeji akashika kiuno. "Wewe! Kwa hiyo kibanda kinavuja?"

Mluzi ukazidi kwenda mbali.