Kompyuta Niliyoichagua Tunduma

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka sitini, baada ya kufundisha Kiswahili na historia katika shule za msingi za Mbozi, nyingi zikiwa za kwetu Igamba. Mwaka uliofuata usharika wetu ulianza kujiandaa kwa jubilei ya kanisa la matofali, na kamati ikaniomba niandike historia ya ujenzi wake. Iliyokuwapo ilikuwa karatasi moja ndani ya fremu, imetundikwa karibu na mlango. Ilitaja wamisionari, wachungaji, wazee wa kanisa na mafundi wawili. Nilikuwa nimeisoma tangu utotoni bila kuona kasoro. Safari hii niliisoma kama ninavyosahihisha insha, na swali likanijia: matofali yalifikaje pale juu kilimani? Tanuri lilikuwa bondeni kando ya mto, na miaka ile hapakuwa na barabara ya gari.

Aliyenijibu alikuwa mjane wa karibu miaka tisini, anayeishi kitongoji cha pili kutoka kwangu, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Alisema wanawake ndio waliyapandisha, kila mmoja na matofali manne kichwani, wakipanga mstari mmoja kutoka mtoni. Alisema anawakumbuka wote kwa majina, kwa mpangilio wa mstari ule, kwa sababu alitembea nao msimu mzima wa kiangazi. Kati ya wale wote alikuwa amebaki yeye peke yake.

Nilitaka majina hayo yote. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilianguka na bodaboda, na tangu hapo bega la kulia halikurudi sawasawa. Nikiandika kwa kalamu zaidi ya ukurasa mmoja, vidole vinakufa ganzi. Nilijaribu kumwachia kazi mchapaji mmoja wa steshenari kule Mlowo. Aliporudisha karatasi, nusu ya majina ya Kinyiha yalikuwa yamegeuka maneno mengine kabisa. Alijitetea kwamba kompyuta ndiyo inayosahihisha yenyewe. Niliona ni afadhali nichape mwenyewe. Kompyuta sikuijua, lakini kuchapa nilikuwa najua. Nilipokuwa mwalimu kijana nilifundishwa taipureta ya shule, na kwa miaka mingi nilichapa stensili za mitihani ya kata nzima. Nikichapa kwa mikono miwili, bega halilalamiki.

Mwanangu, anayefanya kazi Mbeya, aliniletea kompyuta mpakato yake ya zamani. Ilikuwa pana kama ungo wa kupetea mchele, na chaja yake peke yake ilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia pilipili. Niliibeba begani hadi kwa yule bibi, nikapumzika njiani mara nne. Nilipofika nikaifungua, bibi akaanza kutaja majina, nami nikawa nachapa. Tulipofika jina la kumi na mbili kioo kikawa cheusi. Betri ilikuwa imekwisha, na nyumba ya bibi haikuwa na umeme. Majina yenyewe yalipotea pia, kwa sababu sikujua kuhifadhi.

Bibi aliitazama mashine, kisha akanitazama mimi.

"Hii imechoka kabla yangu," alisema. "Kalete inayoweza kukaa na mtu mzima mpaka amalize kuongea."

Nilirudi nyumbani nina hasira, na hasira ile ilinifaa. Nilimpigia mwanangu nikamwambia nakwenda Tunduma kununua yangu, kwa fedha yangu. Alitaka nimsubiri achague yeye. Nilikataa. Akanitumia kwenye simu orodha ndefu ya herufi na tarakimu ambazo ningepaswa kumwonyesha muuzaji. Niliisoma mara mbili, nikaiacha. Nikachukua daftari nikaandika nilichokijua mimi: kwamba nitaibeba kwa bega moja, nitatembea nayo saa nzima, nitachapa uani kwenye jua kwa sababu wazee hukaa nje, nitakuwa mbali na umeme kuanzia asubuhi hadi mchana, na nitaandika majina ambayo hakuna mashine iliyowahi kuyasikia.

Niliondoka Igamba alfajiri, na saa mbili asubuhi nilikuwa Tunduma. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu ya mpakani kama kawaida, na barabarani watu walikuwa wakipatana bei kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza, mara nyingine katika sentensi moja. Duka la kwanza nililoingia lilikuwa na vioo vingi na muuzaji mwenye maneno mengi. Alinitolea kompyuta kubwa, nyeusi, yenye taa za rangi chini ya vitufe. Alisema hiyo ina nguvu, inacheza michezo yote. Nilimwambia sichezi michezo. Akasema hata wajukuu watafurahi. Nilimwomba niiweke kwenye mkoba wangu nitembee nayo hadi mwisho wa kibaraza na kurudi.

"Mama, laptop haipimwi kwa kutembea," alisema.

Nilimshukuru, nikatoka.

Duka la pili lilikuwa dogo, katika kichochoro nyuma ya maduka ya vitenge. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa miwani, anauza kompyuta zilizotumika. Alikuwa akimsalimia mteja kutoka ng'ambo ya mpaka, "mulishani", huku mkono mmoja ukifuta vumbi kwenye kibodi. Ilipofika zamu yangu aliniuliza swali ambalo muuzaji wa kwanza hakuniuliza.

"Unataka kuifanyia nini, mama?"

Nilimweleza yote: bega, bibi, majina, jua, na ile mashine iliyozimika. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaingia ndani akarudi na kompyuta tatu.

Ya kwanza ilikuwa mpya na nyembamba, inang'aa. Nilipoishika nilivutiwa. Nilipochapa sentensi moja, vitufe vilikuwa laini kama maandazi yaliyolowa chai na vingine havikuitika. Niliirudisha. Ya pili ilikuwa na kibodi nzuri, lakini tulipoitoa nje kioo chake kilikuwa kioo cha kujitazamia: niliona uso wangu na mabati ya duka la jirani, maandishi sikuyaona. Mwenye duka alikubali kwamba hiyo ni ya kukaa nayo ofisini.

Ya tatu haikuwa na sura. Ilikuwa ya kijivu, imechubuka pembeni, na juu yake palibaki gundi ya kibandiko cha ofisi iliyoimiliki kabla. Nikaitia mkobani, nikaanza kutembea kichochoroni. Ilikuwa na uzito wa Biblia yangu na kitabu cha nyimbo vikiwa pamoja, na huo ni mzigo niliouzoea kila Jumapili. Nikaenda hadi barabara kuu, nikarudi, bega likiwa kimya. Mwenye duka alisimama mlangoni akinitazama, wala hakucheka.

Nikaomba kiti nje. Nikaiweka magotini juani. Kioo chake hakikuwa cha kung'aa, na maandishi yalisomeka vizuri. Kisha nikaweka vidole mahali pake, kama nilivyofundishwa zamani, nikaanza kuchapa bila kutazama chini. Niliandika majina yale kumi na mbili niliyoyapoteza, yale niliyoweza kuyakumbuka. Vitufe vilijibu vidole kama vile taipureta ya shule ilivyokuwa ikijibu, ila bila kelele. Yule mteja kutoka ng'ambo aliacha alichokuwa amekishika akaja kuangalia. Mwenye duka akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia, nikiendelea kuchapa, kwamba nilikuwa nachapa kabla yeye hajazaliwa. Huenda nilitia chumvi kidogo.

Chini ya kila jina ilitokea mistari myekundu, na moja ya majina lilijibadilisha mbele ya macho yangu. Niliinua mikono kama niliyeona nyoka. Mwenye duka aliinama, akanionyesha mahali pa kuizuia mashine isisahihishe chochote. Akanifanya nirudie mwenyewe mara tatu. Akanionyesha pia kuhifadhi, na jinsi ya kuifanya ihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi. Kisha nikamwomba jambo la mwisho: nikae pale na mashine ikiwaka bila chaja, mpaka nitosheke.

Alinikubalia. Nilikaa kwenye kile kiti kuanzia saa tatu na nusu. Nilichapa Zaburi nilizozijua kwa moyo, nikachapa hotuba yangu ya kustaafu, nikachapa barua kwa mwanangu ambayo sikuituma. Kivuli kilihama, nikakifuata na kiti. Mwenye duka aliniletea chai na chapati. Saa saba mchana mwanangu alipiga simu, ana wasiwasi kwamba nimeibiwa au nimeuziwa takataka. Alitaka kujua ina nguvu gani. Nikampa mwenye duka simu, wakaongea kwa lugha yao ya tarakimu. Nilisikia akimweleza kwamba ndani yake hakuna diski ya kuzunguka, kwa hiyo haiogopi kutikiswa njiani, na kwamba chaja yake ni ndogo, inaingia mfukoni. Aliponirudishia simu, mwanangu alikuwa amepunguza sauti.

"Mama, imekaa bila umeme muda gani?"

"Tangu saa tatu na nusu. Betri imebaki zaidi ya nusu."

"Hata mimi nisingekuchagulia hiyo," alisema. "Ningekuchagulia kubwa."

"Najua," nilimwambia.

Niliinunua. Nikiwa njiani kurudi Igamba niliipakata kama mtoto, na sikumruhusu mtu yeyote kuiweka juu ya mizigo mingine.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa bibi na sikupumzika njiani hata mara moja. Alikuwa amekaa uani akichambua maharage. Aliiangalia mashine ya kijivu, akauliza kama hii nayo huchoka. Nikamwambia tuone. Tulianza upya, kuanzia aliyekuwa mbele kabisa ya mstari. Kila jina aliliongezea maneno machache: huyu alikuwa na sauti ya kuanzisha nyimbo, huyu aliteleza matofali yakavunjika akalia, huyu alinyonyesha njiani bila kutua mzigo. Nilichapa yote. Hatukumaliza siku ile, wala ya pili. Bibi huchoka mapema na akichoka hasemi tena. Lakini kila alipochoka, yeye ndiye aliyechoka kwanza. Mashine ilikuwa bado macho.

Siku ya tatu, kwenye jina la ishirini na sita, alitaja jina la mama yangu.

Niliacha kuchapa. Mama alifariki nikiwa darasani chuo cha ualimu. Hakuwahi kuniambia kwamba alibeba tofali hata moja. Nilimuuliza bibi kama ana hakika.

"Nilitembea nyuma yake," alisema. "Alikuwa na mimba. Sijui ilikuwa yako au ya kaka yako. Tulimwambia apunguze yabaki mawili, akakataa."

Bibi hakunihimiza, aliendelea na maharage yake. Kisha niliandika jina la mama, herufi moja moja, na pembeni yake nikaandika kwamba alikataa kupunguza.

Tulifika mwisho wa mstari tukiwa na majina thelathini na nane. Nilipopeleka kazi kwenye kamati, mwenyekiti aliisifu, kisha akasema orodha ya wanawake ni ndefu, itachosha watu, iandikwe tu kwamba akina mama walisaidia. Nilimjibu kwa upole kwamba sitasoma historia hiyo kanisani ikiwa imekatwa, na kwamba hakuna mwingine mwenye nakala. Mchungaji alitabasamu. Akasema isomwe kama ilivyo.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi nje. Niliiweka kompyuta juu ya mimbari, nikasoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye majina, niliomba kila mwenye uhusiano na jina litakalosomwa asimame. Kwa majina mawili ya kwanza walisimama wachache kwa haya. Kufikia la kumi, ukoo mzima ulikuwa unasimama pamoja, wazee na watoto, na vigelegele vilikuwa vinanilazimu kusubiri. Niliposoma jina la mama yangu, kaka yangu alisimama, nami nilikuwa nimeshasimama tayari. Bibi alikuwa mbele kwenye kiti cha plastiki. Jina lake liliposomwa aliwakatalia waliotaka kumshika mkono, akainuka mwenyewe.

Hakukaa tena. Nilipomaliza la thelathini na nane aliinua kidole akasema kwa Kinyiha, kanisa zima likimsikia, kwamba tumemsahau mmoja, aliyekuwa kati ya huyu na huyu, mwembamba, aliyekuja kuolewa kutoka Ndalambo. Ndiyo kwanza alikuwa amemkumbuka.

Niliweka vidole mahali pake, nikamwomba bibi alitaje jina polepole. Nililichapa pale pale juu ya mimbari, mahali pake katika mstari, nikahifadhi. Kisha nikalisoma kwa sauti, jina la thelathini na tisa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamume mzee ambaye sikuwahi kujua ni mtoto wa nani alivua kofia yake akasimama.